Betri za Nodi Zinaisha Kabla ya Wakati: Kutafuta Chanzo katika Mitandao ya Vihisi Visivyotumia Waya

Nodi, yaani kifaa kidogo chenye kihisi, redio na betri, iliyopangwa kudumu miaka miwili ikazimika baada ya wiki chache imekwisha kutoa ushahidi wake wa kwanza, nao ni muda wenyewe iliodumu. Chukua uwezo wa betri kwa miliampea-saa, ugawanye kwa idadi ya saa ambazo nodi ilikuwa kazini, utapata mkondo wa wastani, na mkondo huo ndio utakaokuonyesha pa kuanzia. Betri mbili za alkali za ukubwa wa AA zilizounganishwa kwa kufuatana, tukizihesabu kuwa na miliampea-saa 2400, zikiisha kwa siku 5 zimetoa wastani wa miliampea 20. Zikiisha kwa siku 100 zimetoa miliampea 1. Zikidumu siku 1000 zimetoa mikroampea 100. Kila kiwango kati ya hivyo kina washukiwa wake, na anayeanza kubadilisha itifaki ya mawasiliano kabla ya kufanya hesabu hii ndogo kwa kawaida hutumia muda mwingi akirekebisha sehemu isiyo na kasoro.

Swali la pili ni nodi zipi zinazokufa. Zikizimika zote kwa kukaribiana, kasoro iko kwenye muundo wa bodi au kwenye programu, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu zinavyoshiriki. Zikitangulia zile zilizo karibu na kituo kikuu kinachokusanya data, shaka iangukie njia zinazopitia pakiti (vifurushi vya data); zikitangulia za pembezoni, iangukie ubora wa mawasiliano. Zikizimika bila mpangilio wowote wa mahali, kagua betri zenyewe, unyevu ndani ya kasha, na viungo vilivyolehemewa vibaya.

Betri inaisha kwa siku chache

Wastani wa miliampea 10 hadi 25 karibu kila mara una maana moja, kwamba redio haizimwi. Chipu ya CC2420, iliyotumika sana katika nodi za IEEE 802.15.4 (kiwango cha redio za umbali mfupi zinazotumia nishati kidogo), hutumia takriban miliampea 17.4 inapotuma kwa nguvu ya 0 dBm (miliwati 1) na takriban miliampea 18.8 inapopokea, kwa hiyo redio inayosubiri tu pakiti ambayo huenda isije hugharimu zaidi ya ile inayotuma. Wengi hupotoshwa hapa, kwa sababu akili hutuambia kwamba kusema ndiko kunakochosha na kusikiliza ni kupumzika. Wei Ye, John Heidemann na Deborah Estrin, walipoieleza itifaki ya S-MAC mwaka 2002, walitaja vyanzo vinne vya upotevu wa nishati katika mawasiliano: pakiti kugongana, kupokea pakiti zisizokuhusu, mzigo wa pakiti za udhibiti, na kusikiliza bure. Katika mtandao unaotuma vipimo vichache kwa saa, hicho cha mwisho huvimeza vyote vitatu vilivyotangulia.

Sababu ya kwanza ya kutafuta katika programu ni amri ya usingizi inayolaza maikrokontrola peke yake huku redio ikiachwa katika hali ya kupokea. Ya pili ni maktaba inayofungua redio ili kusubiri uthibitisho wa kupokelewa, kisha ikasahau kuifunga pale uthibitisho usipofika. Kasoro hii haionekani mezani, ambako kila pakiti hujibiwa, ila hujitokeza uwandani. Ya tatu ni kitanzi kinachohesabu muda huku kichakataji kikiwa macho, mahali ambapo kipima muda kingetosha kukiamsha. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kutenga pini moja ya maikrokontrola, kuipandisha kila redio inapowashwa na kuishusha kila inapozimwa, kisha kuitazama pini hiyo kwa oskiloskopu au kifaa cha kurekodi mawimbi ya kidijitali kwa muda wa mizunguko kadhaa. Pini ikikaa juu kati ya mzunguko na mzunguko, umepata chanzo bila kupima mkondo hata mara moja.

Kama nodi hutumia usikilizaji wa vipindi, yaani kuamka mara kwa mara kuchungulia kama kuna mawimbi hewani, na bado redio inakaa wazi muda mrefu, angalia kelele. Katika masafa ya 2.4 GHz, mawimbi ya Wi-Fi huweza kuifanya nodi idhani kuna pakiti yake, ikabaki macho ikiisubiri. Pandisha kiwango cha nguvu ambacho nodi hukihesabu kuwa ishara halisi, au hamia chaneli ya 25 au 26 ya IEEE 802.15.4, ambazo ziko nje ya chaneli za Wi-Fi za 1, 6 na 11. Kipindi chenyewe nacho kipimwe kwa uangalifu, kwa sababu kukirefusha humpumzisha msikilizaji lakini humlazimisha mtumaji kutoa wito mrefu zaidi ili aamshe mwenzake. Itifaki ya B-MAC ya mwaka 2004 ilitumia wito mmoja mrefu usiokatika. X-MAC ya mwaka 2006 iliugawa wito huo katika vipande vifupi vyenye anwani, ili mlengwa ajibu mapema na wasiohusika warudi kulala. Palipo na majirani wengi, tofauti hiyo ni kubwa.

Betri inaisha kwa wiki kadhaa au miezi michache

Hapa ndipo matatizo mengi yalipo, na ndipo redio husingiziwa zaidi. Tuchukue nodi inayowasha redio kwa miliampea 20 kwa milisekunde 50 kila dakika. Mchango wa redio katika wastani ni mikroampea 17 hivi. Ikiwa nodi hiyo hutumia mikroampea 5 inapolala, jumla ni mikroampea 22, na betri za AA zitachakaa kwa umri kabla hazijaishiwa kwa matumizi. Lakini ikiwa inapolala huvuja mikroampea 700, basi redio ni asilimia 2 tu ya tatizo, na kupunguza idadi ya ujumbe kwa nusu kutaongeza uhai wa betri kwa asilimia 1 tu. Ninalisisitiza hili kwa sababu kupunguza ujumbe ndiyo hatua ya kwanza ya watu wengi, nayo huwanyima takwimu walizojengea mtandao bila kuwarudishia siku za maana. Pima mkondo wa usingizini kwanza.

Kuupima kuna mtego wake. Multimita iliyo kwenye kipimo cha mikroampea huwa na ukinzani wa ndani unaoweza kufika omu 100 au zaidi. Nodi ikiamka na kuvuta miliampea 20, volti 2 hupotea ndani ya multimita na nodi hujiwasha upya, kisha wewe ukasoma mkondo wa nodi inayohangaika kuanza badala ya nodi iliyolala. Unganisha kipande cha waya sambamba na multimita, acha nodi iwake na ilale, ndipo ukiondoe na kusoma. Asiye na multimita inayoaminika kwa mikondo midogo anaweza kutumia kapasita: chaji kapasita ya mikrofaradi 1000 hadi volti ya kawaida ya nodi, iache ikilisha nodi iliyolala, na upime volti inashuka kiasi gani kwa muda gani. Ikishuka volti 0.3 kwa sekunde 60, mkondo ni mikroampea 5. Kwanza iache kapasita yenyewe kwenye volti hiyo kwa muda, kisha ipime ikiwa peke yake, kwa kuwa kapasita za elektroliti nazo huvuja na uvujaji huo unapaswa kutolewa kwenye hesabu.

Mkondo ukiwa mkubwa kuliko unaotajwa na watengenezaji wa chipu, anza na kidhibiti cha volti. Bodi nyingi za majaribio hubeba AMS1117, ambayo yenyewe hula takriban miliampea 5 hata kama hakuna chochote kinacholishwa. Kiasi hicho peke yake humaliza betri ya miliampea-saa 2400 kwa siku 20. Kidhibiti kama MCP1700 hula takriban mikroampea 1.6. Hakuna marekebisho ya programu yanayoweza kufidia pengo hilo, na ndiyo maana mtu anayesoma kwamba ESP32 hulala kwa mikroampea 10 hivi kisha akapima miliampea kadhaa kwenye bodi yake hapaswi kuilaumu chipu. Taa ya LED inayoonyesha kuwa bodi ina umeme, na chipu ya kuunganisha USB, ni washukiwa wa karibu; ondoa taa hiyo au rezista yake, na hakikisha chipu ya USB hailishwi na betri.

Kisha fuata rezista. Rezista ya kilo-omu 4.7 inayovuta laini ya mawasiliano juu hadi volti 3.3 haitumii kitu laini ikiwa juu, lakini laini ikiachwa chini wakati wa usingizi hupitisha miliampea 0.7 mfululizo. Kigawanyo cha volti cha kupimia betri kilichojengwa kwa rezista mbili za kilo-omu 10 kwenye betri ya litiamu ya volti 3.7 hutumia mikroampea 185 mchana na usiku, na kwa mwaka mmoja hufikia takriban miliampea-saa 1620. Tumia rezista za mega-omu 1 pamoja na kapasita ndogo ya nanofaradi 100 mbele ya kibadilishi cha analogi kwenda dijitali, au ukate kigawanyo kwa transista wakati hakitumiki.

Uvujaji mgumu zaidi kuugundua ni wa kihisi ambacho mhandisi anaamini amekizima. Amekata umeme wake kwa transista, lakini pini za data za maikrokontrola zimebaki juu, na umeme unapenya kupitia daiodi za kinga zilizo ndani ya kihisi hadi kukilisha nusu nusu. Kihisi hakifanyi kazi wala hakizimiki, na mkondo unaopotea hubadilika kati ya nodi moja na nyingine kiasi cha kumfanya mtu ashuku betri. Dawa yake ni kuziweka pini zote za kihisi hicho chini, au kuzifanya za kupokea zisizovutwa upande wowote, kabla ya kukata umeme wake. Pini zinazoelea bila kuunganishwa na chochote zina kasoro iliyo kinyume: volti yake ikitangatanga katikati, mzunguko wa pembejeo hupitisha mkondo, kwa hiyo zielekeze upande mmoja kwa programu.

Kagua pia hali ya kazi ya kihisi. BME280, kihisi cha joto, unyevu na shinikizo la hewa, ikiwekwa katika hali ya kupima mfululizo huendelea kupima hata nodi ikiwa imelala. Hali ya kupima mara moja kwa amri huirudisha usingizini yenyewe. Vihisi vya gesi vyenye kipasha joto ni suala jingine kabisa, kwa sababu kipasha joto kinachotumia mamia ya miliwati hakiwezi kulishwa na betri ndogo kwa miezi, na ni bora kubadilisha aina ya kihisi kuliko kubana kila kitu kingine kwa ajili yake.

Ukiwa umepitia yote hayo na mkondo bado uko juu, tenganisha sehemu moja moja: ondoa kihisi, pima, ondoa redio kama inaondoka, pima, weka programu tupu inayolala tu, pima. Programu tupu ikileta mkondo uleule, tatizo ni la bodi.

Mezani hudumu, uwandani haidumu

Tofauti kati ya meza na uwanda ni umbali, vizuizi na joto. Pakiti isiyothibitishwa hutumwa tena, na nodi inayorudia kila pakiti mara tatu au nne imezidisha matumizi ya redio kwa kiasi hicho bila kuonekana kwenye kituo kikuu, ambako data hufika kamili. Weka hesabu ya marudio ndani ya pakiti yenyewe. Ukiona idadi imepanda, inua antena, igeuze ielekee sawa na za wenzake, iondoe karibu na chuma, kisha ndipo ufikirie kuongeza nguvu ya kutuma.

Kwa mitandao ya LoRaWAN, inayotuma data kidogo kwa umbali mrefu, tazama kigezo cha mtawanyiko (SF), ambacho kikipanda pakiti hufika mbali zaidi lakini hukaa hewani muda mrefu zaidi. Pakiti yenye jumla ya baiti 23 hukaa hewani milisekunde 62 hivi kwa SF7, lakini karibu sekunde moja na nusu kwa SF12, yaani zaidi ya mara 20. Nodi iliyofungwa kwenye SF12 kwa nia njema ya kuhakikisha inafika mbali inaweza kuwa mita chache tu kutoka kwenye lango, kifaa kinachopokea pakiti za nodi na kuzipeleka mtandaoni, ikilipa gharama ya umbali ambao haupo. Ruhusu mtandao urekebishe kasi wenyewe kwa nodi zisizohama. Kwa zinazohama, weka kiwango cha kati na ukubali kupoteza pakiti chache.

Joto nalo huingilia usawazishaji wa saa. Nodi mbili ambazo fuwele zake zina hitilafu ya sehemu 20 kwa milioni kila moja, zikielekea pande zinazopingana, huachana kwa milisekunde 24 kila dakika 10 na milisekunde 144 kila saa. Mtandao unaofanya kazi kwa ratiba, kama ule wa TSCH, njia ya kuzipangia nodi muda na chaneli za kuwasiliana iliyoingizwa katika IEEE 802.15.4e mwaka 2012, humtaka mpokeaji aamke mapema kidogo kufidia tofauti hiyo, na muda huo wa tahadhari wote ni redio kuwa wazi. Fuwele za saa za kilohezi 32 hupotoka zaidi zikiwa mbali na nyuzi 25 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 55 upotokaji unafika takriban sehemu 30 kwa milioni, kwa hiyo nodi iliyo juani na mwenzake aliye kivulini huhitaji kusawazishwa mara nyingi zaidi. Ikiwa nodi hutegemea kipima muda cha ndani kisicho na fuwele, chenye hitilafu ya asilimia 1, dakika 10 zinaleta kosa la sekunde 6, na hapo ratiba yoyote haiwezekani bila fuwele ya kweli.

Nodi zilizo karibu na kituo kikuu hutangulia kufa

Katika mtandao wa kupokezana pakiti, nodi za mwisho kabla ya kituo kikuu hubeba data za wote walio nyuma yake. Zikifa, nodi za nyuma zenye betri nzima hukatika, na mtandao hufa ukiwa na nishati nyingi ambayo haijatumika. Hili halitokani na kasoro ya kifaa, na kubadilisha betri hakuliondoi.

Itifaki ya LEACH, iliyochapishwa mwaka 2000 na Wendi Heinzelman, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan, huzungusha wadhifa wa kiongozi wa kundi ili mzigo ugawanyike, na hutajwa mara nyingi kama jibu. Ichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu huchukulia kwamba kila nodi ina uwezo wa kufikia kituo kikuu moja kwa moja, jambo lisilokuwepo katika mitandao mingi iliyotawanyika. Kwa mitandao ya RPL, itifaki ya kuchagua njia za pakiti iliyosanifishwa katika waraka wa RFC 6550 mwaka 2012, angalia kama uchaguzi wa mzazi (nodi ambayo nyingine hupitishia pakiti zake) hutegemea ubora wa kiungo pekee. Ukiwa hivyo, nodi moja iliyo mahali pazuri itachaguliwa na wote hadi iishe. Vipimo vya RFC 6551 vinaruhusu hali ya nishati ya nodi iingie katika uamuzi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, suluhisho la uhakika zaidi ni la kimwili: weka nodi chache za kupokezana zenye umeme wa kudumu au paneli ya jua karibu na kituo kikuu, ongeza kituo cha pili upande wa pili, na zifanye nodi za betri kuwa za mwisho zisizobeba pakiti za wengine. Kuunganisha vipimo kadhaa katika pakiti moja kabla ya kuvipeleka mbele pia husaidia, mradi matumizi yanavumilia kuchelewa.

Betri zote zimeshuka baada ya lango kukosa umeme

Lango likizimika kwa saa kadhaa, nodi zilizoandikwa vibaya hutumia saa hizo zote kulitafuta, redio ikiwa wazi. Kwa nodi za Wi-Fi hali ni mbaya zaidi: zikitumia wastani wa miliampea 120 kwa kila jaribio la sekunde 10 na kurudia papo hapo, betri ya miliampea-saa 2400 huisha kwa saa 20. Kila jaribio liwe na kikomo cha muda, na pengo kati ya majaribio lirefuke maradufu, dakika 1, 2, 4, hadi saa moja au zaidi, likiongezewa kiasi cha nasibu ili lango likirudi nodi zote zisilivamie kwa pamoja. Vipimo vihifadhiwe kwenye kumbukumbu vikisubiri. Nodi ya Wi-Fi ipewe anwani ya IP ya kudumu na ikumbuke chaneli ya mwisho, kwani sehemu kubwa ya muda wake wa kuwa macho huenda kwenye kutafuta na kuomba anwani.

Nodi inazimika, lakini betri ikipimwa ina volti

Volti ya betri isiyobebeshwa mzigo haielezi hali yake. Betri ya kidonge ya CR2032 ina miliampea-saa 220 hivi, na ukinzani wake wa ndani hupanda kadiri inavyotumika na kadiri baridi inavyozidi. Ukifika omu 50, mkondo wa miliampea 20 huangusha volti 1 nzima na nodi hujiwasha upya katikati ya kutuma. Kujiwasha upya huko huanzisha utafutaji wa mtandao, ambao huvuta mkondo zaidi, na nodi huingia katika mzunguko unaoimaliza. Pima volti wakati redio inatuma. Kapasita sambamba na betri hufidia kishindo hicho: mikrofaradi 470 zikitoa miliampea 20 kwa milisekunde 5 hushuka volti 0.2 tu, ilhali mikrofaradi 100 zingeshuka volti 1.

Betri za litiamu thionili kloridi za volti 3.6, zinazosifiwa kwa kudumu miaka mingi, hujenga utando ndani zikikaa muda mrefu bila kutumika, na mkondo mkubwa wa kwanza huangusha volti kabla utando haujavunjika. Usiitangaze kuwa imekufa; ipe mzigo mdogo kwa muda, kisha uipime tena. Katika betri za alkali, angalia kizingiti cha volti ambacho maikrokontrola hujizima: kikiwekwa volti 2.7 kwa betri mbili, kila betri huachwa ikiwa na volti 1.35 na sehemu kubwa ya nishati yake bado imo, wakati ambapo kizingiti cha volti 1.8 kingeitumia hadi volti 0.9. Hakikisha tu kwamba vihisi na kumbukumbu vinaweza kufanya kazi kwenye volti hiyo ya chini, la sivyo utapata vipimo vya uongo kabla ya kupata ukimya.

Kuthibitisha kwamba tatizo limeondoka

Kusubiri betri iishe ili kujua kama umefaulu ni kusubiri kusiko na lazima. Pima mzunguko mzima wa nodi kwa rezista ya omu 10 na oskiloskopu, ambapo miliampea 20 huonekana kama volti 0.2, ujumlishe na mkondo wa usingizini uliopimwa peke yake, kwa kuwa mikroampea 5 kwenye rezista hiyo ni mikrovolti 50 na hazionekani. Kisha iache programu ihesabu yenyewe sekunde ambazo kichakataji kimekuwa macho, redio imetuma na redio imepokea, kama sehemu ya Energest ya mfumo endeshi wa Contiki inavyofanya, na kila nodi itume hesabu hizo mara moja kwa siku pamoja na volti iliyopimwa wakati wa kutuma, marudio ya pakiti, na idadi ya mara ilizojiwasha upya. Nodi ambayo muda wake wa kupokea unapanda siku hadi siku huku volti ikiwa bado nzuri inaweza kufikiwa na kurekebishwa kabla haijanyamaza.